Kusimamia mgao wa nafasi ya masanduku ya barua pepe kwenye seva yenye shughuli nyingi

Bunge la Bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na kwa afisa TEHAMA wa taasisi iliyopo Mji wa Serikali Mtumba, Machi ndio mwezi wa kupanga mgao wa nafasi za barua pepe, yaani ukomo wa nafasi ya kila sanduku, kabla barua za msimu huo hazijaongezeka. Diski ya seva ikijaa katikati ya msimu, barua za kila mtu hukwama, hata za yule ambaye sanduku lake halina kitu.

Anza kwa kupima. Kwenye seva ya Dovecot, programu inayotunza masanduku ya barua, ambayo mgao umeshawashwa, amri ya doveadm quota get -A huonyesha matumizi na ukomo wa kila mtumiaji. Tazama pia amri ya df -i, kwa kuwa Maildir, mojawapo ya mitindo ya kuhifadhi barua, huhifadhi kila barua kama faili lake, na seva inaweza kuishiwa nafasi za kusajili mafaili ilhali diski yenyewe bado ina GB nyingi. Usigawe sawa kwa sawa: masijala na katibu muhtasari hupokea barua za ofisi nzima, kwa hiyo wanastahili mgao mkubwa kuliko mtumishi anayepokea matangazo tu.

Kinachojaza masanduku zaidi ni viambatisho. Barua ikiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi hubeba nukta mara 9 ya ile iliyoskaniwa kwa 200, ambayo kwa maandishi ya kawaida husomeka vizuri kabisa. Faili likishaambatishwa huongezeka tena kwa takriban theluthi moja kutokana na usimbaji wa Base64, unaoligeuza kuwa herufi za kawaida ili lisafiri kwa barua pepe, hivyo faili la MB 9 husafiri likiwa na MB 12, na likitumwa kwa watumishi 40 waliopo kwenye seva hiyohiyo linaweza kula MB 480. Nenda mwenyewe kwenye mashine ya kuskani, ukae na anayeitumia, mrekebishe mpangilio huo pamoja. Faida yake ni kubwa kuliko ya kununua diski nyingine.

Weka maonyo katika asilimia 80 na 95 ya mgao, na uyaandike kwa Kiswahili kinachomweleza mtumiaji afungue folda gani na afute nini.

Sanduku likijaa, barua ikataliwe mlangoni, wakati seva ya mtumaji bado imeunganishwa, kwa kuiunganisha Postfix, programu inayopokea barua kutoka nje, na huduma ya quota-status ya Dovecot, inayoijulisha kama sanduku bado lina nafasi. Ukiipokea kwanza kisha ukairudisha, taarifa ya kurudishwa inaweza kumwendea mtu asiyehusika ambaye anwani yake imeghushiwa, na seva yako ikaanza kuonekana ya matapeli. Kwa ofisi ya umma napendelea jibu la muda, 452 4.2.2, badala ya 552 5.2.2, ambalo ni la kukataa moja kwa moja, kwa sababu seva ya mtumaji huendelea kujaribu na barua ya mwananchi haipotei wakati mtumishi anasafisha sanduku lake.

Barua zilizomo kwenye folda ya taka nazo huhesabiwa katika mgao. Amri ya doveadm expunge -A mailbox Trash savedbefore 30d, ikipangwa iendeshwe usiku, huziondoa zilizokaa humo zaidi ya siku 30. Kabla ya kuiwasha, kubalianeni na masijala kwamba barua zote za kikazi zimeshaingizwa kwenye majalada, kwa kuwa kumbukumbu za umma zinalindwa na Sheria Na. 3 ya mwaka 2002, na hazifutwi kwa sababu tu nafasi imebana.