Ukitaka kuku wasikusumbue asubuhi, anza kuwashughulikia jioni

Wengi wetu tukianza kufuga kuku wachache nyuma ya nyumba malalamiko yanakuwa ya asubuhi tu, mara jogoo anawika watu bado wamelala, mara kuku wanapiga kelele mlangoni wanataka kufunguliwa, mara mayai yote yamepakaa kinyesi. Mimi nimekuja kugundua kwamba asilimia kubwa ya hayo yanatengenezwa jioni, yaani kuku akilala vibaya na kesho yake inaharibika, na wewe utahangaika kununua dawa wakati tatizo ni fito tu, ile miti wanayolalia bandani.

Kwanza elewa jioni kuku haangalii saa ya ukutani, yeye anafuata mwanga. Giza likishaingia macho yake hayamsaidii tena, anakuwa karibu na kipofu, ndo maana anawahi. Jua likianza kushuka utaona wanakula kwa pupa, wanajaza kile kifuko cha chini ya shingo mpaka kinavimba kama mpira mdogo (kishike siku moja jioni, halafu kishike tena alfajiri utakuta kimenywea hakina kitu), wakimaliza wanaanza kusogea bandani mmoja mmoja, wanaingia, wanatoka, wanaingia tena. Usiwafukuze, waache. Siku ya mawingu mazito wataingia mapema zaidi na siku yenye mwanga watachelewa, kwa hiyo ile tabia ya kusema mimi nafunga banda saa fulani kila siku haifai.

Hilo nimejifunza kwa kosa langu. Kuna siku nilikuwa na safari nikafunga mlango mapema, nikajua wote wameshaingia. Narudi usiku na tochi nakuta matetea wawili wamejikunyata nje, vifua vimegusa mlango, nikawamulika hawakusogea hata kidogo, nikawanyanyua kama unanyanyua mfuko wa unga. Bahati tu kicheche hakupita. Tangu siku hiyo nafunga giza likishaingia kabisa, na sifungi kabla sijahesabu. Namulika kwenye fito nahesabu mikia, dakika moja imeisha.

Sasa hizo fito ndo penyewe. Kuku anataka kulala juu, siyo chini kwenye maranda, na fito lazima iwe juu kuliko viota vya kutagia, maana ukiweka kiota juu kuliko fito atalala kwenye kiota na huwezi kumlaumu, anatafuta sehemu ya juu kuliko zote. Unene wa sentimita 5 hivi unatosha, ubao uliopigwa randa pembe zikawa mviringo ni mzuri, na kama unaishi kwenye baridi kali laza ubao mpana kidogo ili manyoya ya tumbo yafunike vidole vyote visigande. Bomba la plastiki au la chuma achana nalo, linateleza, na la chuma linakuwa la baridi. Kila kuku mpe sentimita 20 mpaka 25 za kukaa, wenye miili mikubwa waongezee. Utawaona wamebanana upande mmoja huku fito nusu nzima iko tupu, usishangae, ila nafasi lazima iwepo kwa ajili ya yule anayedonolewa na wenzake apate pa kukimbilia.

Urefu kutoka chini watu wanapitiliza. Kuku wazito waweke kama sentimita 45 hivi, wakirukia chini kutoka juu sana kila asubuhi unyayo unaumia, unafanya kidonda na usaha ndani, na kukitibu ni kazi. Ukiweka fito kadhaa ziweke usawa mmoja, maana ukizipanga kama ngazi wote watagombania ya juu na hiyo vita utaisikia ukiwa chumbani kwako. Chini ya fito usiweke chakula wala maji, nadhani unajua kwa nini. Na matundu ya hewa yawe juu ya vichwa vyao, hewa chafu ya kinyesi itoke bila upepo kuwapiga waliolala.

Kuku aliyezoea kulala kwenye kiota mzibie viota jioni kwa kipande cha ubao, giza likiingia mchukue kwa mikono miwili umweke kwenye fito, atatulia hapohapo kwa sababu haoni pa kwenda. Rudia kila siku mpaka azoee. Usisahau kuvifungua viota wenyewe wakishalala, la sivyo asubuhi mayai yako yatakuwa sakafuni. Wanaolala mtini wao wafungie bandani mchana na usiku kwa wiki moja hivi wakiwa na chakula na maji, kisha anza kuwatoa saa moja tu kabla ya giza, wakiwa na njaa, na chakula kizuri kiwe ndani.

Kuku waliokuwa wanaingia vizuri halafu ghafla wanagoma, wanasimama mlangoni jioni wanaangalia ndani hawataki, hapo usiwapige, kagua utitiri. Mimi ilinichukua siku nne kugundua maana mchana niliangalia kuku wenyewe, nikafunua manyoya, sikuona kitu. Wale wekundu wanajificha kwenye nyufa mchana, wanatoka usiku kunyonya damu. Nilichukua karatasi nyeupe usiku nikapangusa chini ya fito, ikatoka na michirizi ya damu, nilijikuna mwili mzima mpaka nikaoga. Ilibidi fito zote zitoke nje, zimwagiwe maji ya moto, nyufa zikazibwa, dawa ya utitiri ikapigwa ikarudiwa tena baada ya siku kadhaa kwa sababu mayai yao yanabaki.

Kuhusu jogoo nitakuwa mkweli, hazimiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya kule Japani walichapisha mwaka 2013 kwamba majogoo waliowekwa kwenye mwanga hafifu muda wote waliendelea kuwika kwa wakati wao, yaani saa iko ndani ya mwili wake, hasubiri kuona jua. Wakaja kuonyesha pia kwamba mkubwa ndo anaanza, wadogo wanafuata kwa vyeo vyao. Unachoweza kufanya ni kupunguza vichokozi, taa ya gari au ya uani ikipiga bandani anaitikia, so ziba mwanga wa nje ila siyo hewa.

Asubuhi fungua kukishapambazuka. Ukipenda kulala mpaka mchana basi banda liwe na uzio imara ambao wanaweza kutokea wenyewe, au weka mlango wa sensa ya mwanga, ila wasikae wamebanana ndani bila maji wanadonoana. Kama wanakuficha mayai vichakani wachelewesheni kuwatoa, wengi wanataga saa za asubuhi. Yai moja linachukua kama saa 25 kutengenezwa kwa hiyo kila siku tetea anasogea mbele kidogo, akifika jioni anaruka siku, siyo mgonjwa huyo.

Wanaotaga wanahitaji mwanga wa saa 14 mpaka 16. Walio mbali na ikweta siku zikifupika wanaongeza balbu, na hapa wengi wanakosea wanaiwasha jioni. Taima ikizima, wote wako chini gizani hawaoni fito. Iwashe kabla ya alfajiri, jioni waache wafuate jua.

Wakishashuka wote angalia nani kabaki. Aliye kwenye kiota amejitandaza na anaungurumia mkono wako huyo anataka kuatamia. Aliyebaki juu ya fito amevimbisha manyoya macho nusu, mshushe umshike kile kifuko cha shingo, kikiwa bado kimejaa na kigumu asubuhi hiyo basi chakula cha jana hakijashuka, mtenge, mpe maji tu, umpigie bwana mifugo.