Kutafuta Land Rover ya zamani Nyanda za Juu Kusini: kadi kwanza, gari baadaye

Nimetoka kumsaidia kijana wa Uyole kupata Land Rover 109 (ile ndefu), Series III (toleo la tatu), na tangu ilipoonekana gereji wenzake wananipigia wakitaka njia. Hii hapa. Nazungumzia Land Rover tu, kwa sababu ndilo gari la zamani ambalo huku kwetu bado limelala mashambani na linafufulika. Anayetafuta Peugeot 504 au Land Cruiser ya miaka ya 70 atafaidika na hatua ya kwanza na ya tatu. Kwa mengine amtafute fundi wa magari hayo.

Hatua ya 1: Jua yalikolala

Usianzie kwa dalali. Mzee ambaye gari lake liko juu ya mawe nyuma ya ghala hajalipiga picha, na siku dalali akilijua bei inapanda kabla hujafika.

Fuata kazi zilizoyaleta: chai ya Mufindi na Rungwe, kahawa ya Mbozi, dhahabu ya Chunya, mahindi ya Ismani, mpunga wa Mbarali, na misheni kongwe kama Tosamaganga na Rungwe. Watafute madereva wastaafu na mafundi waliofanya kazi kwenye karakana za mashamba hayo. Hao wanakumbuka kila gari lilikouzwa na nani alilichukua.

Mimi napenda sehemu kavu. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na gari lililolala huko chini ya mparachichi chesisi yake imekunywa maji muda wote huo. La Chunya, Ismani au Usangu limepigwa jua, rangi imekwisha, viti vimepasuka, lakini chuma kipo. Kati ya la Rungwe linalong'aa na la Makongolosi lililopauka, nitapanda basi kwenda Makongolosi.

Ukifika kwa mwenye gari, salimia kama watu wa pale wanavyosalimiana: kamwene Iringa na Njombe, ugonile Rungwe. Kaa. Mwache mzee akueleze lilimbeba nani na lilifika wapi. Bei atakutajia mwenyewe.

Hatua ya 2: Kagua chuma

Land Rover ilianza 1948, Uingereza ikiwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana bodi ikawa ya aluminiamu. Chukua sumaku uipitishe kwenye mabawa ya mbele (madigadi) na milangoni. Kwenye aluminiamu haishiki. Ikishika katikati ya bawa, hapo pamebandikwa bati, na bati likikutana na aluminiamu penye maji, aluminiamu huliwa.

Chesisi, yenyewe, ni ya chuma, na inaozea ndani kwenda nje. Lala chini na nyundo ndogo. Gonga boriti ya nyuma kabisa, mikono inayoshika bodi pembeni, na panaposhikilia springi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Penye sauti hiyo chomeka bisibisi. Angalia pia ukuta wa chuma unaotenga injini na miguu ya dereva, hasa sakafuni.

Injini isikutishe hata kama imekwama. Fundi atakayekushauri uweke ya Toyota, msikilize kwa adabu kisha uitunze ile ya lita 2.25. Inatengenezeka kwa spana za kawaida, na gari linabaki Land Rover.

Hatua ya 3: Kadi na namba ya chesisi

Hapa ndipo nilipomkalisha yule kijana muda mrefu kuliko hatua nyingine zote, na hapa usikubali kuharakishwa na mtu yeyote, hata awe mjomba wako.

Kwanza isome namba kwenye chuma chenyewe. Kuanzia Series II ya 1958 imegongwa kwenye chesisi mbele kulia, kwenye kishikio cha springi. Itakuwa imefunikwa na tope, grisi na rangi. Sugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Usipeleke grainda, utaifuta. Namba ikigoma kusomeka, paka chaki kisha ufute juu juu, itabaki kwenye mashimo. Kibati kilichopigwa ribiti ndani ya gari hakitoshi, kwa sababu kinahamishika.

Linganisha na kadi, tarakimu kwa tarakimu, pamoja na herufi. Angalia na mwaka. Saa za mwendo na mafuta zikiwa katikati ya dashibodi ni Series I, II au IIA. Zikiwa mbele ya dereva ni Series III, iliyotoka 1971. Kadi ikisema 1965 na saa ziko mbele ya dereva, uliza dashibodi, au gari zima, limetoka wapi. Gari linaweza kuwa limebadilishiwa chesisi kihalali, lakini karatasi za kubadilisha ziwepo.

Kisha jina. Mara nyingi anayeuza ni mtoto na kadi ina jina la baba aliyekwisha fariki. Hapo hakuna wa kuuza mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi, hata ukiwa na muhuri wa mtendaji wa kijiji. Dai nakala ya uteuzi, na anayesaini mkataba wa mauziano awe ndiye huyo msimamizi. Nawaomba sana mlizingatie hili, maana mkishalitengeneza gari likapendeza, ndugu aliyekuwa Dar es Salaam atakuja kuulizia gari la baba yake, na atakuwa na haki.

Namba ya usajili ikianzia na SU lilikuwa la shirika la umma. Mengi ya mashirika hayo hayapo tena, kama NAFCO iliyokuwa na shamba la mpunga Mbarali. Dai karatasi za mnada. Zikikosekana, liache hata kama chesisi inalia kama kengele. La misheni linahitaji barua ya dayosisi. Ya paroko pekee haitoshi.

Kadi ikipotea, mwenye jina ndiye aende polisi kupata taarifa ya upotevu, kisha TRA kuomba nyingine. Usikubali kununua kwa ahadi kwamba utaishughulikia wewe. Na kama gari bado lina namba za zamani, halijaingia kwenye hizi zinazoanza na T, nenda na nakala ya kadi ofisi ya TRA ya mkoa kabla ya kutoa hata senti ya kishika bei. Waulize kama linasomeka, kwa jina la nani, na kama lina deni. Ada ya leseni ya mwaka ilifutwa 2017, lakini jibu litoke kwao.

Hatua ya 4: Lipa, libebe

Lipa mbele ya wakili au mwenyekiti wa kijiji, lipia benki. Tafuta Fuso linalorudi tupu.

Hatua ya 5: Usiliwashe

Wala usilivute kwa trekta ukiwa umeweka gia. Kama ni la petroli, toa plagi zote nne, mimina oili nyepesi kidogo kila silinda, uache kwa siku kadhaa ukiongeza. Mwaga oili ya zamani, weka mpya. Ndipo uchukue hendeli, uichomeke mbele, uzungushe taratibu kwa mkono plagi zikiwa nje. Ikigoma usilazimishe, ongeza oili usubiri. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kukwama, safisha tangi na kabureta, na sasa unaweza kutafuta betri.