Kupangua herufi saba ukicheza Scrabble kwa Kiswahili

Scrabble ni mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa kete zenye herufi na alama, kila mchezaji akishika kete saba. Seti tunazochezea huku Mtwara ni za Kiingereza, na kwa anayecheza kwa Kiswahili hiyo ni bahati. Alfred Butts, Mmarekani aliyeubuni mchezo huu miaka ya 1930, alipanga alama kwa kuhesabu herufi zinavyojirudia kwenye magazeti ya Kiingereza. Z ikapewa 10, J ikapewa 8, K ikapewa 5, halafu W, H na Y zikapata 4 kila moja. Sasa niambie, sisi tunapitisha siku gani bila Z, K na W? PWEZA peke yake ana alama 19, JUZI 20, MJUZI 23. Wala huhitaji msamiati wa profesa.

Hatua ya 1: Rekebisha kete kwanza

Kwenye mfuko wa kete 100 kuna E 12, A 9, U 4 tu na K moja. Ukicheza hivyo hivyo utajaza E mkononi huku ukilia kwa kukosa U. Sisi kijiweni Mikindani tunabandika karatasi: Q na X zinageuka K, E nne zinagawanywa, mbili ziwe A na mbili ziwe U. K mpya zinabaki na alama 5. Wapo wanaotaka K ishushwe mpaka 2 kwa kuwa ni herufi rahisi kwetu. Mimi nakataa, mtatoa utamu wote.

Kubalianeni pia kamusi moja kabla ya kuanza, na mseme mapema kama "analima" inaruhusiwa. Sisi tunakubali shina la kitenzi, kauli zake, na lile lenye KU mbele. Nafsi na wakati hapana. Mkiruhusu NINA na ULI kila mtu atabandika anavyotaka, na hapo ugomvi hauishi.

Hatua ya 2: Chagua irabu ya mwisho

Usitafute neno zima. Tenga irabu upande mmoja, kisha uamue ipi itafunga, maana maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu. Kama unatafuta kitenzi, anza na A. Vyenye asili ya Kiarabu ndivyo vinavyokwenda kwingine: SAMEHE, FIKIRI, JIBU.

Hatua ya 3: Unganisha konsonanti zinazopendana

Ukiona H, itafutie mwenzake mara moja: SH, CH, DH, TH, GH. Ukiona N au M, jaribu ND, NG, NY, NZ, MB, MW. Mchezaji mgeni huihangaikia H kama herufi ya peke yake wakati S iko pale pale mkononi.

Hatua ya 4: Weka kiambishi kando, chezesha kinachobaki

Hapa ndipo pa kukaa. Tuseme una A, I, I, K, L, M. Toa KI, weka pembeni. Zimebaki A, I, L, M. Zizungushe: LIMA, MALI, MILA, LAMI, IMLA. Maneno matano, yote alama 6, bado hujafika popote. Rudisha KI mbele: KILIMA. KIMILA. Sasa ivunje ile KI, K iende peke yake: KAMILI. Ipeleke nyuma: LIMIKA, kama ardhi inayolimika. Yote manne yana alama 12, lakini kila moja linakaa tofauti ubaoni, na hicho ndicho unachokitafuta: uwe na machaguo kabla hujatazama nafasi.

Zoea kuvitoa KI, VI, M, MI, WA, MA, U na KU bila kufikiri. Kwa nyuma zoea IA, IKA, ISHA, ANA, UA, na NI ya mahali. Mwenzako akiweka KILIMA, wewe mwenye N na I unamalizia KILIMANI, alama 14 kwa kete mbili. Akiweka LIMA, U moja inaleta LIMAU.

Hatua ya 5: Sasa tazama ubao

Ukimaliza kete zote saba kwa mkupuo unaongezewa alama 50. Neno letu la nyumbani linafaa kabisa: KOROSHO, herufi saba, alama 14 kabla ya nyongeza. Ukifungua nalo mchezo, liweke kwenye mstari wa katikati, K ikae kijumba cha nne kutoka kushoto. Pale herufi inazidishwa mara mbili, K inakuwa 10, jumla 19. Neno limepita kwenye nyota, kijumba cha katikati kinachozidisha neno zima mara mbili, kwa hiyo 38. Ongeza 50, unapata 88.

Ila ujue umemwachia mpinzani mlango. Akiwa na M anaweka neno la kushuka linalopita mbele ya K, linasomeka MKOROSHO, na alama za maneno yote mawili ni zake. Kwa 88 mimi naweka tu. Ingekuwa 20 ningefikiri mara mbili.

Ukibaki na konsonanti tupu, badilisha kete mapema. Kanuni hairuhusu kubadilisha kama kete zilizobaki mfukoni ziko chini ya saba.

Zoezi

Chukua herufi za TANDAHIMBA, wilaya ya huku kwetu, kila kete itumike mara moja kwa neno. BAHATI, MABATI, AMANI na HATIMA zitakuja haraka. DHAMBI itakupa 14. Humo mna pia maneno mawili ya herufi saba, na yote yanaanza na jozi za hatua ya 3, kwa hiyo ishike H kwanza. Ukishindwa kabisa: DHAMANA na THAMANI.