Kurudisha Mikoko Ilinde Pwani ya Bagamoyo: Anza na Maji, Miche Ifuate

Upepo wa kusi unapokaza, kuanzia Mei hadi Septemba, mawimbi hayaili pwani ya Bagamoyo kwa usawa. Penye ukanda mpana wa mikoko ukingo wa nchi kavu hutulia. Lakini palipokatwa boriti na kuni hadi msitu ukawa mwembamba, au tuta la shamba la chumvi lilipofunga njia ya maji na miti ikafa ikiwa imesimama, udongo humomonyoka na mizizi ya minazi ikaachwa wazi. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya vikundi vya mazingira, BMU (vikundi vya wavuvi vinavyosimamia rasilimali za uvuvi) na serikali za vijiji, kuanzia Mlingotini na Kaole hadi mdomo wa mto Ruvu, vinavyotaka kurudisha msitu huo ili ulinde makazi na mashamba yao.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba kazi hii huanza na maji. Tumezoea kuanza na miche: wageni wanaalikwa, miche inapandwa kwa mistari kwenye tope lililo wazi, picha zinapigwa, na baada ya kusi moja hakuna kilichobaki. Nchini Ufilipino, ambako fedha nyingi zilitumika kupanda mikoko kwa miongo miwili, watafiti waligundua kwamba miche iliyodumu kwa muda mrefu ilikuwa kwa jumla kati ya asilimia 10 na 20 tu, na sababu kubwa ilikuwa kupandwa mahali pasipofaa. Mtaalamu wa mikoko wa Florida, Marekani, Robin Lewis, alionyesha kwa miaka mingi njia iliyo bora: maji ya bahari yakirudishiwa mwendo wake wa kujaa na kupwa, na mbegu zikiwa na njia ya kufika, msitu hujirudisha wenyewe, na upandaji hubaki kuwa msaada wa mwisho.

Fahamu kwanza mikoko inazuia nini

Mizizi na mashina hulikinza wimbi na kulipunguzia nguvu. Vipimo vya nchi mbalimbali vinaonyesha kwamba ukanda wa mikoko wenye upana wa meta 100 unaweza kupunguza kimo cha mawimbi ya upepo kwa asilimia 13 hadi 66, kutegemea unene wa msitu na kina cha maji. Maji yakishatulia kati ya mizizi, tope na mchanga vilivyomo hutua chini, na ardhi huinuka kidogo kidogo. Ukisimama kwenye magofu ya Kaole, mji uliokuwa bandari, utaona msitu wa mikoko umesimama kati ya misikiti ile ya kale na bahari.

Kimbunga ni jambo jingine, na wananchi waelezwe ukweli huo tangu kikao cha kwanza. Maji yanayoinuliwa na kimbunga hupungua kwa sentimeta 5 hadi 50 tu kwa kila kilometa moja ya upana wa msitu, kwa hiyo ukanda mwembamba hauwezi kuyazuia yasiingie kijijini. Pwani yetu haiko salama na vimbunga: kile cha Aprili 1872 kilichoiharibu Unguja kiliibomoa pia misheni ya Bagamoyo, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Mikoko itapunguza nguvu ya mawimbi yanayopanda juu ya maji hayo, jambo linaloweza kuokoa nyumba, lakini tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitolewa watu waondoke.

Hatua ya 1: Ruhusa na historia ya eneo

Misitu ya mikoko ni hifadhi ya taifa, na msimamizi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Kikundi kisichimbe wala kupanda kabla ya kupata kibali cha TFS kwa maandishi, na serikali ya kijiji pamoja na BMU ziwe zimeshirikishwa. Ikiwa eneo lilikuwa shamba la chumvi, hakikisheni ni nani mwenye haki nalo leo, kwa sababu tuta linaloonekana limetelekezwa linaweza kuwa na mwenyewe.

Kisha wakalisheni wazee, wavuvi wa kaa na wanawake wanaokwenda kutafuta kuni, muwaulize maswali matatu: miti ilikuwa wapi, ilikufa au ilikatwa mwaka gani, na maji yalikuwa yakiingilia wapi. Mahali ambapo hawakumbuki kuwahi kuona miti, wala pasiwe na kisiki hata kimoja topeni, muwe na shaka napo sana. Mara nyingi pana sababu ya asili iliyoizuia mikoko kuota, na uwanda huo wa tope huwa ni malisho ya ndege na mahali pa kuokotea chaza, kwa hiyo una thamani yake ukiachwa ulivyo.

Hatua ya 2: Usome msitu ulio hai

Tafuteni msitu wenye afya ulio karibu na eneo lenu, muutembee wakati wa maji kupwa kutoka baharini kwenda nchi kavu. Mara nyingi mtaanza na mlilana upande wa bahari, kisha mkoko wenye mizizi ya matao, halafu msinzi na mkandaa, na mwishoni mchu, ambao pia huweza kuonekana upande wa mbele kabisa. Andikeni mpangilio mlioukuta hapo hapo, msiutegemee huu wangu, maana kila hori lina chumvi yake, tope lake na mteremko wake.

Hatua ya 3: Pima kimo cha ardhi kwa kutumia bahari yenyewe

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoamua kama kazi itafanikiwa. Mikoko huota juu ya usawa wa wastani wa bahari na chini ya mstari wa juu kabisa wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Lewis aliona kwamba ardhi inayoifaa hufunikwa na maji kwa takriban asilimia 30 ya muda wote au pungufu. Kwetu, ambako tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua huzidi meta 3, ardhi iliyoshuka kidogo tu huubadilisha kabisa muda ambao mche unakaa chini ya maji.

Vifaa havina gharama kubwa. Tayarisheni fito zilizonyooka, zenye urefu wa meta 2 au zaidi, ambazo hazikukatwa kwenye mikoko, na chaki ya rangi ya shuleni. Chagueni siku ya bamvua isiyo na mvua wala upepo. Maji yakiwa yamekupwa, simamisheni fito katika eneo lenu, zikitoka baharini kwenda nchi kavu, na nyingine ndani ya msitu ulio hai, kila moja karibu na aina ya mti mliyoiandika, hasa pale penye miche michanga inayokua vizuri. Pakeni chaki ufito wote. Maji yakijaa yataifuta chaki hadi yalipofika, nayo yakishakupwa mtapima kutoka ardhini hadi pale chaki ilipoishia kufutika.

Kwa kuwa maji yaliyotulia husimama kwa usawa mmoja, kipimo kikubwa maana yake ardhi iko chini na kipimo kidogo maana yake iko juu. Tuseme miche ya mkoko katika msitu ulio hai imesimama penye kina cha sentimeta 80, ya mchu penye 30, na eneo lenu lina 160: hapo hapafai hata mkipanda mara ngapi, isipokuwa ardhi iinuke kwanza. Rudieni kipimo katika bamvua jingine ili kuthibitisha.

Angalizo moja: njia hii huwa sahihi pale tu maji yanapoingia na kutoka bila kizuizi. Ndani ya shamba la chumvi lenye tuta, maji huchelewa kuingia na kipimo hudanganya, kwa hiyo tumieni mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule ambao mafundi wa ujenzi huutumia kutafuta usawa wa msingi, mkihamisha kimo kutoka kwenye ufito wa nje hadi ndani.

Hatua ya 4: Yafungulie maji njia

Tembeeni juu ya tuta na kutafuta mahali ambapo kijito cha zamani kilikatwa. Kwa kawaida huonekana: upande wa nje kuna mkondo unaofika hadi kwenye tuta na kuishia hapo, na upande wa ndani kuna bonde lililojaa chumvi linaloufuata mwelekeo huo huo. Hapo ndipo pa kuvunjia. Kulibomoa tuta zima ni kazi kubwa isiyo na lazima; mapengo machache yaliyowekwa kwenye njia halisi za maji hufanya kazi zaidi ya mapengo mengi yaliyotobolewa ovyo.

Kazi ya majembe na sepeto ifanyike wakati wa maji mafu, ambapo bahari haitawafikia kwa kasi. Pengo liwe na upana unaolingana na kijito kilivyo nje ya tuta, na kina chake kishuke hadi sakafu ya kijito hicho. Pengo jembamba huyafanya maji yapite kwa nguvu, yakachimba shimo na kuondoka na tope lile lile mnalolihitaji. Pengo lisilo na kina cha kutosha huruhusu maji kuingia lakini huyazuia kutoka, nayo yakibaki kwenye madimbwi huchemshwa na jua, chumvi ikapanda, na kila mche ukafa. Udongo mnaoutoa urudisheni kwenye mtaro ulio kandokando ya tuta, ambao ndiko ulikochimbwa, kwa kuwa mtaro huo ukiachwa wazi huyavuta maji yakaacha kupita bondeni.

Baada ya bamvua la kwanza nendeni mkaangalie jinsi maji yanavyotoka. Kila dimbwi linalobaki baada ya maji kukupwa lichimbiwe mfereji mdogo unaoliunganisha na kijito. Wakirudi kaa wadogo wenye gando moja kubwa na kuanza kutoboa mashimo yao, ni dalili njema sana, maana mashimo hayo hupitisha hewa na maji katika udongo uliokuwa umekakamaa.

Hatua ya 5: Yapeni maji nafasi ya kuleta mbegu

Masika ipite walau moja kabla ya kuamua kupanda. Mvua na bamvua vitaosha chumvi, na mbegu zitaelea kutoka msitu wa jirani. Najua subira hii ni ngumu kwa kikundi chenye mfadhili anayetaka idadi ya miche, lakini miche iliyojiotea huchagua mahali pake na huja ikiwa na aina mbalimbali, jambo ambalo mistari ya mkoko mtupu haiwezi kulitoa.

Ikiwa miti ya mbegu iko mbali, yasaidieni maji. Kusanyeni mbegu zilizokomaa na kuzimwaga juu ya maji mlangoni mwa kijito wakati bamvua linajaa, yaani yakiwa bado yanaingia. Fanyeni hivyo katika mabamvua kadhaa mfululizo.

Hatua ya 6: Pandeni palipobaki wazi

Mbegu ya mkoko, ile ndefu ya kijani inayoning'inia mtini, huwa imekomaa inapotokeza pete ya manjano karibu na kichwa chake na kuachia kwa kuguswa kidogo. Itupeni iliyotobolewa na wadudu. Ipandeni moja kwa moja topeni, ncha chini na chipukizi juu, theluthi moja ikizama. Msiigongee kwa jiwe, na udongo ukiwa mgumu tangulizeni kijiti. Nafasi ya meta moja na nusu inatosha. Mchu huhitaji kitalu: loweka mbegu ganda lilegee na kutoka, kisha otesha kwenye viriba mahali panapofikiwa na maji ya bamvua. Kila aina irudi kwenye kina kile mlichokipima hatua ya 3.

Penye mchanga mtupu

Kwenye fukwe za mchanga zinazopigwa na mawimbi moja kwa moja msipande mikoko. Hapo kinga ni mitambaa ya asili inayoshika mchanga, kukomesha uchimbaji wa mchanga wa kujengea, na kuheshimu meta 60 ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda kando ya bahari. Mbele zaidi ni miamba ya matumbawe, ambayo kwa wastani wa tafiti za dunia hupunguza asilimia 97 ya nguvu ya mawimbi. Kijiji kinachopambana na uvuvi wa baruti na makokoro kwenye miamba hiyo kinalinda ufukwe wake kwa kiwango ambacho hakuna ukuta wa mawe utakaokifikia.

Hatua ya 7: Ulinzi na vipimo

Kubalianeni na wavuvi njia za ngalawa na mahali ambapo kokoro halitavutwa, na na wafugaji mahali ng'ombe watakapopita, kisha yaandikwe katika sheria ndogo za kijiji. Simikeni vigingi vya kudumu ukingoni mwa nchi kavu, na kila mwaka mpime umbali kutoka kigingini hadi ukingo unapomomonyokea, mara moja kabla ya kusi na mara moja baada yake. Pigeni picha kutoka pale pale. Hesabuni miche katika viwanja vichache vyenye mipaka, baada ya miezi 3, 6 na 12, halafu kila mwaka, mkitofautisha iliyopandwa na iliyojiotea.

Sehemu ikifa, msiijazie miche mingine kabla hamjarudisha fito na chaki. Mara nyingi mtakuta dimbwi jipya, au mfereji uliozibwa na tope, na kazi ya siku ile itakuwa ya sepeto. Daftari la vipimo liwe na nakala mbili, moja kwa kikundi na nyingine ofisi ya kijiji, ili viongozi wanaofuata wajue kila pengo la tuta lilichimbwa wapi na kwa sababu gani.