Bando ikiisha katikati, usipakue upya

Kwa sisi wa Nairobi tunaopakua ISO (faili kubwa ya kusakinisha mfumo wa kompyuta) kwa bando: stima ikipotea au bando ikiisha faili ikiwa nusu, rudi kwenye folda ileile katika terminali (dirisha la kuandika amri) uandike amri hii ya wget, programu ya kupakua faili:

wget -c "linki"

Hiyo -c huangalia baiti zilizokwisha kuingia, kisha huomba seva itume zilizobaki tu. Ukiisahau, wget huanza mwanzo na kuhifadhi faili ya pili yenye .1 mwishoni, na hapo ndipo bando za watu huteketea. Usisahau alama za nukuu; bila hizo, linki yenye & hukatwa hapo hapo na sheli (programu inayosoma amri zako). Seva zingine hazikubali kuendelea. Na faili ikiwa imebadilishwa kwenye seva, vipande visivyolingana vitaungwa bila onyo, kwa hivyo endesha sha256sum (amri inayokokotoa nambari ya kutambulisha faili) ulinganishe na nambari iliyo kwenye tovuti kabla ya kuitumia.