Kujenga Daraja la Mikono katika Wing Chun, Hatua kwa Hatua

Katika mitindo ya kung fu ya kusini mwa China, hasa Wing Chun na Hung Gar, daraja ni kigasha pale kinapogusana na mkono wa mpinzani. Nguvu yako humfikia kupitia mguso huo, na yake hukufikia kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo zoezi hili la watu wawili ni la kuhisi kabla ya kuwa la kupiga. Natumia Wing Chun, mtindo ambao mwalimu Ip Man alianza kuufundisha Hong Kong mwaka 1950, na ambao fomu yake (mfululizo wa mienendo iliyopangwa) ya pili, Chum Kiu, inashughulikia kutafuta daraja.

Hatua ya kwanza ni msimamo. Tazamaneni, mkunje magoti kidogo na kulegeza mabega, kisha kila mmoja aweke kiwiko mbele ya ubavu, umbali wa ngumi moja hivi. Kiwiko kikitanuka kwenda nje, kigasha hukosa mhimili.

Hatua ya pili ni mguso wenyewe. Nyosha nusu mkono wako wa kulia, kiganja kikitazama juu (tan sau). Mwenzako alaze kifundo cha mkono wake wa kushoto juu ya chako (fuk sau). Kila mmoja asukume polepole kuelekea kifua cha mwenzake, bila kukaza misuli.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha somo na inayostahili muda mrefu kuliko zote, ni mzunguko wa mkono mmoja. Peleka kiganja kifuani mwake; naye ashushe kiwiko ili kukizuia, kisha arushe ngumi usoni mwako kwa mkono ule ule. Hapo inua kiwiko, kigasha kiiname kama paa la nyumba (bong sau) ili ngumi iteleze pembeni, halafu mrudi mlipoanzia. Zingatia kinachotokea katika ngozi kabla ya ngumi kutoka: mkandamizo uliokuwa ukishuka hugeuka na kuelekea mbele. Mgeuko huo ndio ishara yako, na anayesubiri kuiona ngumi kwa macho huwa amechelewa. Ndiyo sababu, mzunguko ukishazoeleka, napendekeza mfumbe macho.

Hatua ya nne ni kulivunja daraja kwa makusudi. Mwenzako auondoe mkono wake ghafla, bila taarifa. Mkono wako ukibaki unaning'inia, hukuwa unasukuma mbele. Ukiukimbilia mkono wake, basi unawinda mikono, kosa ambalo kwa maoni yangu huharibu wanafunzi wengi kuliko udhaifu wa misuli. Unapaswa kwenda moja kwa moja kifuani. (Wanaotoka Hung Gar, wenye aina 12 za daraja zikiwemo ya ugumu na ya ulaini, mara nyingi hukandamiza kwa nguvu mno hapa, wapunguze.)

Hatua ya tano huanza bila mguso. Simameni mbali kidogo, mwenzako asubiri tu. Songa mbele ukirusha ngumi katika mstari wa kati ya mwili wake. Akiikinga, daraja limepatikana na kazi ya hatua ya tatu inaendelea kutoka hapo. Asipoikinga, usiutafute mkono wake, acha ngumi iende hadi ifike.