Kupima n na k za glasi kwa infraredi: shughulikia uso wa nyuma kwanza

Kipande cha glasi ya silika hakipitishi mwanga karibu na mikroni 9, hata kikiwa chembamba, kwa hiyo njia rahisi ya kupata n (kipimo cha jinsi glasi inavyopinda mwanga) na k (kipimo cha jinsi inavyoufyonza) ni kupima mwanga unaoakisiwa. Lakini kabla ya kugusa mashine, paruza uso wa nyuma wa kipande kwa unga wa kusagia hadi upoteze mng'ao. Kwenye mikroni 2 au 3 glasi bado ni angavu, na mwanga unaorudi kutoka nyuma utajiongeza kwenye kipimo. Kosa hilo halibaki hapo. Hesabu ya Kramers-Kronig, ile inayotoa n na k kutoka kwenye mwanga ulioakisiwa, hutumia wigo mzima (vipimo vya urefu wote wa mawimbi) kupata kila nukta, kwa hiyo litachafua hata sehemu uliyopima vizuri.

Mwanga uangukie karibu na wima, nyuzi 10 au chini yake, ili fomula hii ya R (sehemu ya mwanga inayoakisiwa) ifae:

R = [(n−1)² + k²] / [(n+1)² + k²]

Kioo cha dhahabu kinafaa kuwa kilinganishi, ila hakiakisi asilimia 100. Zidisha kipimo chako kwa thamani yake halisi, takriban 0.98.

Pima wigo mpana kadiri mashine inavyoruhusu, kisha hakiki n unayopata upande wa mawimbi mafupi: kwa silika iwe karibu 1.44 kwenye mikroni 1.5. Isipofika hapo, rekebisha namna ulivyorefusha data kwenye ncha za wigo. Na tafadhali usisome kilele cha R kama kilele cha k. Kwenye bendi kali ya ufyonzaji kama hii ya karibu na mikroni 9 havikai mahali pamoja.